Mulango ya Dushi ku Nyumba ya Alphonse

Baraka, nyuma ya soko
Tarehe 11 mwezi wa munane 2024

Mupendwa mudogo wangu Eugène,

Salamu mingi katika jina la Yesu. Uko namna gani huko Lubumbashi? Bibi yako anaamuka muzuri? Batoto banakua? Na ile kifua yenye ilikuwa inakusumbua mu baridi ya Katanga, imepona ao ungali nakohoa na kujificha kwa daktari? Nakujua. Ukiumwa unasema uko muzima, ukiwa muzima unasema hauna nafasi.

Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mi niko muzima, ila goti ya kushoto njo inanikumbusha miaka yangu. Fanny wangu amezaa tena, mwanaume, na mutoto analia kama we ulivyokuwa nalia, majirani bote banajua saa ya kunyonya. Jua ni kali, vumbi ni mingi, lakini ziwa imetulia na ndagala inapatikana. Nimekufungia kidogo mu mufuko, Patrice atakupa pamoya na barua hii. Uifungue mbele yake. Patrice ni muntu wa kanisa, sikatai, lakini ndagala inapungukaka mu safari na hakuna mwenye anajua inaenda wapi.

Utajiuliza juu ya nini yaya Georgette, dada yako mukubwa, anaandika ku karatasi kama bazee ba zamani, na telefone iko. Telefone haina siri, Eugène. Ukituma sauti asubui, magaribi bamama ba soko banaicheza ku meza ya samaki. Na telefone yangu, Clarisse anaishikaka kila akikuya hapa, ati anaangalia foto. Mambo yenye nataka kukuambia, Clarisse asiisikie mbele ya we kukata shauri. Kwa hiyo kaa chini, soma pole pole.

Nianze na Mama. Mama angali ku Fizi, mu nyumba ya marehemu Baba, peke yake. Ameteleza tena. Ilikuwa mu ile uwa ya majani nyuma ya nyumba, fasi anaogaka. Majirani balimukuta amekaa chini mu matope, kitenge imelowa, na yeye anabaambia ati alikuwa anapumuzika. Kupumuzika mu matope! Mufupa haikuvunjika, Mungu ni mukubwa, lakini sasa anatembea akishika ukuta. Mi naogopa. Kila simu ya Fizi ikilia, naacha yote naikimbilia.

Unajua tulimulomba mara ngapi ashuke Baraka. Kwangu haiwezekani, nakaa chumba moya mu parseli, kiwanja ya mama-mukwe wangu, na ule muzee anaijaza na kinywa yake tu. Nyumba yenye iko na fasi ni ya mudogo wetu Clarisse, Mama Fabien, na bwana yake Alphonse. Na jibu ya Mama haibadilikaki: "Mi nioge fasi mukwe wangu anaoga? Nipite mu koridoro na kitambaa ku bega, nikutane na mwanaume mwenye alioa mutoto wangu? Muniache nife na heshima yangu huku yulu ku milima." Hatuwezi kumulaumu, bukwe ni bukwe, mukwe na mama-mukwe banaheshimiana kwa mbali. Tangu siku ya ndoa sijaona Mama na Alphonse banaangaliana ku macho. Bakikutana mu njia, Mama anageuka, Alphonse anatosha kofia ku kichwa na kuangalia mbali, na neno yote yenye iko kati yao inapita ku kinywa ya Clarisse. Basi Mama anabakia yulu, na mi nabakia na woga.

Sasa tuingie mu mambo yenyewe. Alphonse anatengeneza dushi, chumba yake ya kuoga.

Usicheke. Unakumbuka ile nyumba: unaingia ku saluni, kiisha koridoro, chumba yao ya kulala ku mukono ya kuume, na dushi inaangaliana nayo. Nyuma kabisa, inapakana na dushi, kuko chumba yenye iko na mulango yake ya inje, fasi anawekaka bidoni, madumu yake, na mizigo yenye anapeleka Lulimba kuuzia bachimba-zaabu. Nilienda kusalimia, nakuta bidoni yote iko inje chini ya turubai. Chumba imefagiwa. Imepakwa chokaa nyeupe, inangaa. Kitanda mupya iko ndani. Na Isidore, ule mason, fundi wa kujenga, iko na nyundo na patasi anatoboa ukuta kati ya ile chumba na dushi.

"Isidore, hii ni nini?"

"Ni mulango ya dushi, Mama Fanny."

"Dushi haina mulango ku koridoro?"

"Ile ya koridoro itazibwa na matofali."

Waza kidogo, Eugène. Mulango ya mwenye nyumba inazibwa, na mulango mupya inafunguka mu chumba yenye haina muntu. Nikamuuliza ile chumba ni ya nani. Isidore akapanda ku ngazi, akanigeuzia mugongo, akasema, "Mama, mi najenga tu." Isidore! Muntu mwenye anasemaka mpira na siasa mpaka simenti inakauka mu karai, siku ile akakosa maneno.

Nikavuta kiti. Nikaomba maharagi ya Clarisse nichambue, na macho yangu ikabakia ku ukuta. Naye fundi ni fundi, siwezi kudanganya. Alianza kuingiza lento ya beto, boriti ya zege, yulu, mbele ya kutosha matofali ya chini, juu ukuta isishuke. Kiisha akashusha kamba yenye iko na risasi ku ncha, aone kama pembeni inasimama wima. Kadre ya mbao, yenye itabeba mulango, ilikuwa imeegemea pale, mbao ya muvula, muzuri kabisa. Tundu aliitoboa kubwa kupita kadre, nafasi ya kidole kila upande, ya kuingizia kabari. Mpaka hapo sina neno.

Lakini sikiliza ingine. Mulango haitafunguka kwa ndani ya dushi, itafunguka kwa chumba. Nikauliza sababu. "Muntu akianguka ndani, mwili isizuie mulango." Nani ataanguka? Akapiga nyundo. Kizingiti akaishusha mpaka ikalingana na chini ya chumba, maji akaitafutia mutelemuko ya upande ingine. Nani hawezi kuinua muguu? Akakoroga simenti. Ku ukuta ya dushi akafunga chuma ya kushikilia, na mu kona akajenga kiti ya simenti. Kiti, Eugène! Nani anaoga akikaa?

Nikamuonesha Alphonse ile foto yenye ulinitumia, ya dushi ya kioo ya huko kwenu. Hakuiangalia ata mara mbili. "Hapana, shemeki. Kioo inaonesha kivuli ya muntu. Mi nataka mbao, ifunge kabisa." Anaficha nini?

Na yeye mwenyewe ametosha sabuni yake na kitambaa yake mu dushi. Mwenye nyumba sasa anaoga inje, mu kauwa ka manjanja, mabati tu, kenye alisimamisha pembeni ya jiko. Asubui yote anapita na ndoo, anatusalimia kama hakuna kintu. Mwanaume mwenye nyumba ya matofali anaoga inje juu ya nini? Na Pulchérie, ule jirani mwenye anauzaka ndagala, alimuona sokoni anachagua sandale ya mwanamuke, ya nailo, yenye haitelezi. Muguu kidogo. Clarisse iko na muguu kubwa kama yangu, we unajua tulivyokuwa tunagombania biatu ya Baba.

Nikaweka yote pamoya. Mwanamuke mwenye anaogopa kuanguka. Mwenye hawezi kuruka kizingiti. Mwenye anataka kukaa akioga. Mi nimezaa, hakuna muntu wa kunifundisha. Alphonse ameoa mwanamuke wa pili huko Lulimba, mwanamuke iko na mimba, na iko karibu kuletwa.

Utasema, yaya anawaza mubaya. We ulikuwa ungali mutoto, haukujua mambo yangu. Baba Fanny pia, Mungu amurehemu, alianza na chumba. Alipaka chokaa, akaniambia ni ya kuweka mihogo. Nikamusaidia, Eugène. Nilichota maji ya kukoroga ile chokaa na mikono yangu hii. Ule mbanda wangu, muke-mwenza, akafika na valizi yake ya nguo, na mi ningali na chokaa ku kucha. Mwenye aliumwa na nyoka akiona kamba anaruka, na mi siwezi kukaa naangalia mudogo wangu anaumwa na ile ile.

Yenye inanishangaza ni Clarisse mwenyewe. Hashtuki! Anashona pazia ya ile chumba, ya maua, na anaimba. Nikamuambia, "Unamushonea mbanda wako pazia?" Akacheka mpaka akachomwa na sindano. "Yaya, punguza mawazo." Mi naona amelogwa, ao amekubali juu ya batoto. Kicheko ile siiamini.

Baba hayuko, we njo mwanaume wa nyumba. Nakulomba ukuye, ao uandikie Alphonse, akalishwe mbele ya bazee aseme ile chumba ni ya nani. Kama ni vile nawaza, Clarisse abebe batoto apande Fizi akae na Mama. Mama atapata muntu wa kumushika, na Alphonse atabakia na dushi yake.

Kwa upande yangu nimeshaanza. Jana, saa Isidore alienda kula na Clarisse alikuwa sokoni, nilibeba ile kadre ku kichwa, nikapita njia ya nyuma, nikaileta kwangu. Iko nyuma ya jiko, chini ya majani ya migomba. Bila kadre hakuna mulango, na bila mulango ule mwanamuke hatalala pale. Usimwambie muntu.

Nasimamisha hapa, Patrice anasema gari inatoka kesho.

Tarehe 20, mwezi ni ule ule

Eugène,

Patrice hakuondoka. Gari ilikosa kipande moya mu motere, kipande ikatafutwa Uvira, mpaka leo. Kurasa za yulu nilitaka kuzichana nizitupe ku moto. Kiisha nikasema hapana, azisome yote, juu na yeye iko na neno ya kunijibu. Utaona.

Siku ya tano kiisha kuandika, nilikuwa nafua. Pulchérie akapita mbio, ndagala yake ameiacha na nzi: "Mama Fanny! Mwanamuke wa Alphonse amefika! Iko ku pikipiki!" Niliacha nguo mu maji. Nikafunga kitenge mara mbili ku kiuno, na mu njia nilikuwa napanga matusi, ya kuanza nayo na ya kumaliza nayo.

Nafika ku parseli, kweli, pikipiki mbili. Ya mbele ni ya Alphonse, yeye na mizigo tu. Ya nyuma ilisimama mbali kabisa, ku mulango ya inje ya ile chumba. Dereva, kisha mwanamuke amefunikwa na kitenge mpaka ku kichwa juu ya vumbi, kisha Clarisse amemukamata kwa nyuma. Niliona muguu kwanza. Kidogo, ndani ya sandale mupya ya nailo. Nikafungua kinywa.

Mwanamuke akafunua kitenge. Mama!

Matusi yote nikaimeza. Mama akaniangalia: "Georgette, unafunga kiuno hivyo, unaenda kupigana na nani?" Nikasema nilikuwa nafua. Ayi, Eugène, siku ile nilitamani ardhi ifunguke.

Clarisse akaniambia yote kwa sauti ya chini, akimusaidia Mama kushuka. Chumba ni ya Mama. Dushi ni ya Mama, na Clarisse na batoto batapitia kwake, juu mutoto na mujukuu hawana bukwe. Alphonse peke yake njo hataingia tena, mpaka siku Mungu atapenda. Njo maana alitosha sabuni yake. Alitaka Mama asiseme "naoga fasi mukwe anaoga". Mama mwenyewe balimuleta ati kuonesha muguu ku hospitali, na kama dushi ingekuwa tayari, bangemuonesha na dushi, aone kwa macho, aamue.

Lakini dushi haikuwa tayari, na sababu ilikuwa imelala nyuma ya jiko yangu.

Juu bila kadre, Isidore hakuweza kusimamisha mulango. Bila mulango mupya, hakuziba ile ya koridoro, na ubao yake ya zamani alikuwa ameshaitosha. Mama akaingia, akashika chuma ya kitanda, akaangalia. Na kutoka pale ku kitanda, macho inapita tundu, inapita dushi, inapita koridoro, inafika mpaka ku kiti ya Alphonse mu saluni. Hakuna mulango ata moya katikati.

Mama akatoka, akakaa yulu ya furushi yake inje, akaangalia njia ya Fizi. "Munirudishe. Mapema, mbele jua haijaingia." Clarisse akapiga magoti. Mama akamushika kichwa: "Mutoto, mi sigombani na muntu. Lakini sitalala uchi mbele ya mukwe wangu." Dereva akaanza kugeuza pikipiki. Mi niliangalia ile muguu kidogo mu sandale, imevimba, na nikawaza ile matope ya uwa ya Fizi yenye inamungojea.

Alphonse alikuwa amesimama mbali, mugongo kwetu, anasemesha Clarisse kwa adabu: "Mwambie Mama anisamehe. Kadre iliibiwa." Na bantu bakaanza: aiibe nani kama si Isidore? Mason anatumikia huku, anauzisha kule. Pulchérie, na ile kinywa yake, ati alimuonaga na mbao mbao. Isidore akaapa kwa batoto bake. Hakuna mwenye alimuamini, juu alikuwa amekataa kunijibu na kila muntu alijua.

Nikasema, "Muache Isidore. Kadre iko kwangu."

Sitakuandikia namna balivyoniangalia. Nikaenda kuichukua. Njia ya nyuma bantu balikuwa bamejaa, basi nikapita katikati ya soko, kadre ku mabega, uso yangu ndani yake kama foto. "Mama Fanny, unahama?" "Mama Fanny, unauza madirisha?" Nikapita. Ningekuwa na uwezo ningejifungia ndani ya ile kadre nisionekane.

Na kadre yenyewe ilikuwa imeharibika. Moshi ya jiko upande moya, umande upande ingine, mbao ya muvula imekunjama. Isidore akaweka nivo, kipimo yake ya kunyoosha, akaangalia, akavuta pumuzi. Lakini ule muntu iko na roho. Hakunitukana. Akapiga kabari fasi ya kupiga, akakwangua ubao ya mulango yulu na randa, akaniambia tu, "Mama Fanny, leta maji." Nikaleta. Nikakoroga simenti mwenyewe, nikapitisha matofali, tukaziba mulango ya koridoro kabisa, yeye anajenga, mi nabeba. Mara ya pili mu maisha yangu nachota maji ya kutengeneza chumba ya mwanamuke anakuya. Nikalia kidogo. Isidore akafikiri ni simenti mu macho.

Mama alikaa inje wakati ile yote, amekula bugali na samaki mugebuka, dereva naye amekula, anangojea kama tutashindwa. Jua ilikuwa ingali yulu ya milima wakati mulango ilisimama. Clarisse akamuita. Mama akaenda akishika ukuta, akasukuma ubao, akavuta, akasukuma. Juu ya ile kukunjama, mulango inalia kama mbuzi. Isidore akakimbilia randa aikwangue tena. Mama akasema, "Muache. Inalia muzuri. Mwenye nyumba akisikia, atajua niko napita." Kiisha akaambia dereva aende.

Sasa tukuye kwako. Nilipomuuliza Alphonse juu ya nini hakuniambia, alijibu akiangalia biatu yake: "Shemeki, nilimuuliza Eugène mu mwezi wa sita, kama mukwe anaweza kujengea Mama dushi. Alikubali. Njo yeye alisema tusikuambie." Eugène! We! Ulijua! Na ile foto ya kioo, ulinitumia juu nipotee njia? Mi nakulalamikia kwa kurasa na kurasa, na we ndiye umefunga mulango ya siri. Clarisse akacheka tena ile kicheko: "Yaya, ungejua leo, kesho Mama angesikia ku Fizi, hangepanda pikipiki." Ni kweli, lakini nilimugeuzia mugongo. Isidore nimemupikia mara mbili, na Pulchérie simununulii tena ndagala mpaka aombe musamaha kwa mason. Na mi ningali naangalia mambo. Alphonse bado anaenda Lulimba kila wiki, na hakuna muntu anaendaka Lulimba juu ya bidoni tu. Nimenyamaza, lakini macho sijafunga.

Jambo moya tu ibakie, na njo yenye ilinifanya nisichane hii karatasi.

Siku ya Mungu nilikuwa pale nimetoka misa. Clarisse alichemusha maji, akaingiza ndoo, Mama akaingia. Mulango ikalia. Alphonse alikuwa anakula mu saluni. Akasikia, akaacha sahani, akatoka inje, kama anavyofanyaka sasa. Akangojea. Mulango ikalia tena, Mama ametoka, akarudi kukaa. Na kiti yake mu saluni, tangu tulipoziba, inaangaliana na ile ukuta mupya ya koridoro, karibu kabisa. Basi tukasikia sauti ya Mama kutoka chumba yake, kwa nyuma ya matofali. Haikumuita Clarisse.

"Baba Fabien. Uko hapo?"

Miaka yote ya ndoa, Eugène, hajawahi kumuita. Clarisse aliacha mwiko mu chungu. Alphonse alisimama.

"Niko, Mama."

"Maji ilikuwa na moto. Aksanti, mutoto wangu."

Alphonse akatosha kofia, mbele ya ukuta, akabakia amesimama pale na kofia ku mikono na chakula inapoa. Mi nilitoka inje nikajifanya natafuta kuku.

Kiisha nikaingia kwa Mama kumupaka mafuta ku muguu. Nikamuambia nakuandikia, niweke neno gani. Akasema: "Mwambie Eugène, kwa mukwe nilihitaji mulango. Kwa mutoto mwenye nilizaa, sihitaji mulango. Nahitaji afike." Njo neno yake, sikuongeza kintu.

Mama anakusalimia, anasalimia bibi yako na batoto bote mumoya mumoya. Clarisse na Alphonse banakusalimia, Fabien anauliza kama Lubumbashi kuko ziwa. Fanny anakuonesha mutoto kwa mbali. Isidore naye alisema nimuandikie, ati ukitaka kujenga, kadre yako ataificha vizuri.

Mungu akulinde mu kazi na mu njia, na hasa mu njia ya kurudi.

Wako akupendaye na mwenye anakuangalia ata kutoka mbali,

Yaya Georgette, Mama Fanny